Setilaiti zinavyofichua upungufu wa msitu Kakamega

ANAYESAFIRI kutoka Lurambi kuelekea mashariki hukutana na Msitu wa Kakamega, ambao kwa mbali huonekana kana kwamba haujaguswa. Picha za setilaiti husimulia mengine.

Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat Julai 1972. Tangu hapo eneo hilo limepigwa picha mara kwa mara, hivyo wataalamu huweza kulinganisha picha ya zamani na ya sasa na kupima ni wapi miti imetoweka.

Siri imo katika mwanga. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Miti ikifyekwa, uwiano huo hubadilika. Setilaiti hizo hizo hutumiwa kufuatilia barafu ya Mlima Kenya inayozidi kupungua.

Hata hivyo, mbinu hii ina upungufu. Mawingu huficha msitu, na kila nukta ya picha ya Landsat hubeba eneo la mita 30 kwa 30. Mti mmoja ukikatwa kisiri, huenda usigunduliwe. Vichaka vya mipera navyo vyaweza kudhaniwa kuwa msitu, ndiposa watafiti hulazimika kwenda kuhakiki kwa miguu.

Picha za Landsat hutolewa bila malipo tangu 2008. Lakini kwa wanaotegemea Mto Isiukhu, unaopitia msituni humo, zitafaa tu iwapo walinzi watafika panapoonyeshwa kabla ya miti mingine kuangushwa.