Usilipulize vumbi la breki, lilowanishe kwanza

Jumamosi asubuhi katika mitaa mingi ya Nairobi, kuanzia Buru Buru hadi Lang'ata, huwa ni wakati wa kuosha gari. Baba hutoa ndoo na sabuni, watoto hugombania mpira wa maji, na kazi ambayo aghalabu huachiwa mtoto mdogo ni magurudumu, kwa kuwa hayo ndiyo anayoyafikia. Mtoto huchuchumaa, akachukua brashi kavu na kuanza kusugua ule weusi ulioganda kwenye rimu, uso wake ukiwa karibu kabisa na vumbi linaloruka.

Mpenzi msomaji, weusi huo si tope la barabarani pekee. Sehemu yake kubwa ni breki zako. Kila unapokanyaga breki, pedi huibana diski ya chuma inayozunguka, na vyote viwili hulika kidogo kidogo. Kinacholika hugeuka unga laini wenye chembechembe za chuma, kaboni, shaba na madini mengine, nao hunata kwenye rimu ikiwa bado moto. Ndiyo maana magurudumu ya mbele huchafuka zaidi kuliko ya nyuma: gari linapopunguza mwendo uzito wake huegemea mbele, na breki za huko ndizo zinazofanya kazi kubwa.

Chembe zilizo kubwa hunaswa puani na kooni, nazo hutoka kwa kamasi au makohozi. Zile ndogo zaidi hupita zikashuka hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Mwenye pumu huenda akabanwa na kifua siku hiyo hiyo. Lakini linalotutia wasiwasi zaidi sisi madaktari halionekani siku hiyo, wala mwaka huo.

Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, pedi za breki zilitengenezwa kwa kuchanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba mno ambayo hayaungui na huvumilia joto kali. Nyuzi hizo zikivutwa ndani, mwili hauwezi kuziyeyusha. Hukaa mapafuni na kuyafanya yawe magumu kama ngozi iliyokauka, maradhi yanayoitwa asbestosisi. Pia huleta saratani ya mapafu na saratani nyingine ya utando unaozunguka mapafu, iitwayo mesothelioma. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani.

Huenda ukauliza, je, asbesto haikupigwa marufuku? Katika nchi nyingi ndiyo. Japan, ambako magari mengi tunayoyaendesha hutoka, iliikataza kwenye breki mwaka 2004, na marufuku ya asbesto katika nchi zote za Muungano wa Ulaya ikaanza mwaka 2005. Kwa hivyo ikiwa gari lako lilitengenezwa baada ya miaka hiyo huko, huenda lilitoka kiwandani bila asbesto. Swali ni pedi ulizobadilisha baadaye. Zilitoka wapi? Nchi kadhaa bado huchimba na kutumia asbesto, na Marekani yenyewe ilipitisha kanuni ya kuikataza kwenye breki mwaka 2024 tu. Pedi ya bei nafuu ndani ya boksi lisilosema ilikotengenezwa haiwezi kukuambia kilichomo. Wala huwezi kulitambua vumbi lenye asbesto kwa rangi au kwa harufu. Jambo la busara ni kulichukulia vumbi lolote la breki kana kwamba linayo.

Sitaki kukutia hofu isiyo na sababu. Anayeosha gari lake mara moja kwa wiki hatari yake ni ndogo. Anayelikabili vumbi jingi ni fundi anayefungua breki kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Wakati mmoja nilipeleka gari langu gereji kubadilishiwa pedi. Fundi alitoa gurudumu, akainama, akajaza mashavu hewa na kupuliza. Wingu jeusi likampiga usoni. Palipobaki uchafu alivuta mpira wa mashine ya upepo akamalizia. Mimi daktari nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo nikiangalia saa, na sikusema neno. Niliporudi siku nyingine nilimwomba atumie maji. Alicheka. "Daktari, vumbi hili tumelila miaka kumi na mitano na bado tuko hai."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike haya. Maradhi ya asbesto huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 40, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kujitokeza. Miaka 15 ya uzima haithibitishi chochote. Kijana aliyeanza kujifunza ufundi mwaka 1985, breki nyingi zilipokuwa na asbesto, huenda ndiyo kwanza anaanza kuhema leo akipanda ngazi.

Sasa tuje kwenye kuosha kwenyewe. Usiguse magurudumu mara tu unapotoka safarini. Ngoja hadi rimu iwe baridi mkononi, kwani maji baridi yakimwagikia diski yenye moto yaweza kuipinda, na mvuke wake waweza kukuunguza. Kisha, kabla ya brashi yoyote, lowesha. Mimina maji polepole yenye sabuni kidogo, uyaache dakika chache yapenye. Vumbi lililolowa haliruki, na hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii. Usianze na mashine ya maji ya nguvu, maana nayo hurusha matone yenye vumbi hadi usoni. Tumia kitambaa au brashi laini iliyolowa, na kwa magurudumu tumia ndoo yake pekee. Kitambaa kisiachwe kikauke halafu kikung'utwe. Kisuuze kikiwa kingali na maji au ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Watoto wape vioo na milango waoshe.

Anayefungua breki zenyewe afanye vivyo hivyo: alowanishe, apanguse kwa matambara yaliyolowa, asipulize kwa mdomo wala kwa mashine, na asifagie sakafu ikiwa kavu. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Zile za daraja la FFP3 ndizo zinazofaa, nazo ziubane uso vizuri. Petroli isitumiwe kamwe kuosha breki. Huvutwa na mapafu, hukausha ngozi, na cheche moja yatosha kuchoma gereji nzima.

Kuhusu dawa za kung'arisha rimu, soma maandishi ya chupa. Baadhi zina asidi yenye floridi, na hiyo ni hatari ya aina yake. Kijana mmoja anayeosha magari alinijia jioni akilia kwa maumivu chini ya kucha, na vidole vyenyewe havikuwa na jeraha la kuonekana. Asubuhi alikuwa amemimina dawa ya rimu kwa mikono mitupu. Asidi hii ikiwa nyepesi haichomi papo hapo. Hupenya ngozi kimya kimya na kuishambulia kalsiamu iliyo mwilini. Ikiwa nyingi, moyo waweza kusimama. Ikikumwagikia, vua nguo zilizolowa, osha kwa maji yanayotiririka bila kukawia, kisha uende hospitali ukiwa na chupa mkononi, hata kama huhisi uchungu. Daktari akijua ni dawa gani atatumia malhamu yenye kalsiamu. Asipojua, atakupaka dawa ya kuungua ya kawaida na kukurudisha nyumbani. Kwa rimu za gari la nyumbani, sabuni na maji vyatosha.

Nguo nazo zina habari yake. Ovaroli ya fundi isiende nyumbani. Kuna wake na watoto waliougua kwa sababu ya vumbi la asbesto lililoletwa na baba katika nguo zake, wao wenyewe wasiwahi kukanyaga kazini kwake. Vua huko huko, oga ikiwezekana, na ovaroli ifuliwe peke yake baada ya kulowekwa.

Ikiwa umefanya kazi ya breki miaka mingi na unavuta sigara, acha sigara kwanza. Vitu hivi viwili pamoja huzidisha sana hatari ya saratani ya mapafu kuliko kila kimoja peke yake. Na ukiwa na kikohozi kisichokwisha au unaishiwa na pumzi, nenda kliniki. Watakupima kifua kikuu, na ni sawa wafanye hivyo. Ila mwambie daktari kazi uliyoifanya, hata ile uliyoiacha miaka thelathini iliyopita. Wengi wetu husahau kuuliza.