Kwa nini gari la Suzuki Twin halikudumu sokoni?

Ukiijua Kirikuu, ile pikapu ndogo inayobeba mizigo ya sokoni, basi unamjua ndugu wa gari tunalolieleza leo. Nchini Japani magari ya jamii hii huitwa kei. Injini yake haitakiwi kuzidi cc 660, wala urefu kuzidi mita 3.4. Mwenye nalo hupata nafuu ya kodi.

Januari 2003, kampuni ya Suzuki ilitoa kei fupi kuliko kawaida: Twin. Lilikuwa na urefu wa mita 2.7 hivi na viti viwili tu. Lilikusudiwa mtu wa mjini anayekwenda kazini peke yake na kuhangaika kutafuta pa kuegesha.

Petroli au haibridi

Twin lilikuja kwa aina mbili. Moja ilitumia petroli pekee. Nyingine ilikuwa haibridi, yaani petroli ikisaidiwa na umeme, na ndiyo kei ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa Japani. Mota ya umeme iliisukuma injini wakati wa kuongeza mwendo. Dereva akifunga breki, mota hiyo hiyo ilirudisha chaji kwenye betri.

Hesabu iligoma wapi?

Twin la petroli lilianzia yeni 490,000, la haibridi yeni 1,290,000. Tofauti ni yeni 800,000.

Tuchukue mfano. Tuseme haibridi inaokoa lita 100 kwa mwaka, na lita moja ni yeni 100. Umeokoa yeni 10,000. Kuirudisha ile tofauti kungechukua miaka 80! Gari dogo tayari linakunywa kidogo, kwa hiyo kinachobaki cha kuokoa ni kidogo pia.

Hata la petroli lilikuwa na kikwazo. Mwenye mke na watoto angewaweka wapi? Kwa kuongeza fedha kiasi, angepata kei ya watu wanne. Mwaka 2005 Suzuki iliacha kulitengeneza.

Tunajifunza nini?

Ukiuziwa gari, pikipiki au pampu inayosifiwa kwamba hainywi mafuta, uliza mambo matatu. Itaniokolea lita ngapi kwa mwezi? Imezidi bei ya ile ya kawaida kwa kiasi gani? Tofauti hiyo itarudi baada ya muda gani? Jibu likizidi umri wa chombo chenyewe, mfuko wako hautaona nafuu.