Guru Aliyeifia Dini Isiyo Yake

Mwaka 1675 wanazuoni wa Kihindu kutoka Kashmir, wakiongozwa na Kirpa Ram, walipiga hodi Anandpur, Punjab, kwa Tegh Bahadur, guru wa tisa wa Masingasinga. Kwa masimulizi ya Masingasinga, walilalamika kuwa maofisa wa Aurangzeb, mfalme wa dola ya Mughal, wanawalazimisha kusilimu. Ombi lenyewe lilikuwa na kioja chake. Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo, aliukataa uzi mtakatifu ambao Wabrahmani huuvaa begani. Sasa mrithi wake anaombwa awatetee wanaouvaa.

Akakubali.

Kilichomsukuma kinaonekana katika tungo zake, tenzi 59 na beti 57, zilizomo ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga. Humo anarejea neno lile lile: mali, jamaa na hata mwili ni vya kuazima, na mwenye kung'ang'ania cha kuazima haishi kuwa na hofu. Aliyekomaa kiroho, anafundisha, haogopi mtu wala hamtishi mtu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo ngumu. Wasioogopa wako wengi, na baadhi yao ni madhalimu.

Asidhaniwe kuwa mtawa wa pangoni. Ujanani alipigana vita Kartarpur, akaoa, akasafiri mpaka Dhaka na Assam. Mwanawe alizaliwa Patna mwaka 1666.

Kwa kuwatetea wanazuoni wale, alikamatwa na kupelekwa Delhi. Huko, masimulizi yanasema, wafuasi wake watatu waliuawa kwanza. Bhai Mati Das alipasuliwa kwa msumeno, Bhai Dayala akachemshwa, Bhai Sati Das akaviringishiwa pamba na kutiwa moto. Kisha, Novemba 1675, Guru akakatwa kichwa Chandni Chowk. Baadhi ya waandishi wa Kiajemi walidai baadaye kwamba alikuwa mwasi. Pengine kwa dola haikuwa na tofauti: mtu anayefuatwa na umati, na vitisho havimwingii, ni hatari vyovyote awavyo.

Mfuasi wake, Bhai Jaita, alikitorosha kichwa hadi Anandpur. Mfuasi mwingine, Lakhi Shah, aliubeba mwili kwa siri, akauingiza nyumbani kwake, akaiteketeza nyumba nzima ili maziko ya moto yasigundulike. Leo hapo pana Gurdwara Rakab Ganj.

Uongozi ukamwangukia mwanawe Gobind, aliyekuwa hajatimiza miaka 9. Mwaka 1699, huko huko Anandpur, aliunda Khalsa, jumuiya ya waumini wasiokata nywele, ambao hata katikati ya umati wasingeweza kujificha.