Udaktari wa historia: ni masomo gani, na Kanisa linahusikaje?

Kijana wa kanisa akisema anakwenda kusomea uganga, wote wanamshangilia. Akisema sheria, tayari wanamwona ofisini. Akisema anataka udaktari wa historia, wazee wanatazamana, na mmoja anauliza: "Utakula nini?" Swali hilo si la ujinga, kwa sababu mara nyingi ni mfuko wa familia, na wakati mwingine mfuko wa kanisa, unaolipa. Kwa hiyo tueleze vizuri masomo haya ni nini.

Katika mfumo wa LMD unaofuatwa sasa na vyuo vikuu vyetu, mtu anafanya lisensi miaka 3, master miaka 2, kisha udaktari miaka 3. Hiyo ndiyo hesabu ya kwenye karatasi. Wengi wanapitisha muda huo, maana wanafundisha huku wanaandika, mishahara inachelewa, na safari za utafiti zinakatizwa na vita. Katika miaka hiyo mwanafunzi hakai darasani kama zamani. Anachagua swali moja, anapata profesa wa kumwongoza, yule tunayemwita promota, anatafuta ushahidi, anaandika tasnifu, na mwishoni anaitetea mbele ya maprofesa wanaomhoji hadharani.

Neno kubwa hapo ni "swali". Kusimulia tu mambo ya zamani hakumpi mtu udaktari. Lazima aulize jambo ambalo bado halijajibiwa, au lililojibiwa vibaya, na aonyeshe kila jibu lake limetoka wapi.

Tuchukue mfano wa Mboga, kule Ituri. Kwa nini kuna Waanglikana pale, wakati majirani wao wengi waliletewa Injili na misheni nyingine? Mwaka 1896 mwalimu Mganda, Apolo Kivebulaya, alifika Mboga akitokea Toro. Wakati ule mpaka kati ya Congo na Uganda ulikuwa haujawekwa sawasawa. Ulipokuja kuwekwa, Mboga ikabaki upande wa Congo, lakini kanisa likaendelea kuwa la Kianglikana. Apolo alifariki hukohuko mwaka 1933. Aliacha madaftari ya kumbukumbu zake, aliyoyaandika kwa Kiganda. Ona basi kazi inayomngoja mtafiti: ajue Kiganda, asome barua za Wazungu wa misheni, asome ripoti za wakubwa wa serikali ya kikoloni, kisha akae na wazee wa Mboga. Hapo ndipo atakapoona kwamba Injili iliingia kwetu pia kwa miguu ya Mwafrika. Sisi wahubiri tumezoea kuanza hadithi na meli ya Mzungu.

Shida ya lugha ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Misheni ya Kipentekoste ya Waswidi ilianza Uvira mwaka 1921, na wamisionari hao waliwaandikia watu wa kwao kwa Kiswidi. Africa Inland Mission iliingia Congo mwaka 1912 upande wa Mahagi, na sehemu kubwa ya nyaraka zake iko Wheaton, Marekani, kwa Kiingereza. Nyaraka za utawala wa Wabelgiji ziko Brussels. Mtoto wa Masisi au wa Fizi anayetaka kujua babu yake alibatizwa katika mazingira gani anaweza kulazimika kuomba visa. Mimi naona hilo ni jambo la kusikitisha, hata kama tunashukuru kwamba huko karatasi zilitunzwa. Kwetu nyingi zimeungua, zimeliwa na mchwa, au zimefungiwa maandazi sokoni.

Lakini karatasi si mashahidi peke yao. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai, alitoa mwaka 1961 kitabu kuhusu masimulizi ya mdomo. Alionyesha kwamba maneno ya wazee yanaweza kuwa ushahidi wa kweli wa historia, mradi yachunguzwe: nani anasema, alisikia kwa nani, ana faida gani akisema hivyo, na jirani yake anasemaje? Maswali hayohayo yanapaswa kuulizwa barua ya mmisionari. Yeye naye alikuwa na faida yake, kwa sababu alikuwa akiwaandikia watu waliompa pesa. Ndiyo maana katika barua nyingi za namna hiyo mwinjilisti Mkongomani aliyetembea msituni juma zima haandikwi hata jina.

Kuna hatari pia, na wachungaji tusiifiche. Katika majimbo yetu historia ni silaha. Nani alifika kwanza, nani mwenye kilima hiki, nani alianzisha parokia hii: watu wameuawa kwa maswali kama hayo, na makanisa yamegawanyika. Mtu anaweza kurudi na cheo cha daktari akakitumia kutetea kabila lake. Dawa si kuacha utafiti. Promota mzuri atamlazimisha mwanafunzi aandike pia ushahidi unaomuumiza yeye mwenyewe, na maprofesa siku ya utetezi watautafuta. Anayekataa kuhojiwa hivyo afadhali asianze.

Kuhusu kula: mwenye udaktari anaweza kufundisha chuo kikuu, kutunza nyaraka, kufanya utafiti na mashirika. Nafasi si nyingi. Kanisa likiombwa msaada, lina haki ya kuuliza: swali lako ni lipi? Promota wako ni nani? Je, utaleta nakala ya tasnifu hapa, na utatueleza kwa Kiswahili ulichokikuta?

Na kanisa nalo lina deni lake kwa mwanafunzi. Daftari za ubatizo, ripoti za mikutano, picha za zamani: ziko wapi sasa? Zitolewe chini ya kitanda cha katibu, ziwekwe ndani ya sanduku la chuma mahali pakavu, na kila ukurasa upigwe picha kwa simu, nakala ikae katika mji mwingine. Wazee waliobatizwa kabla ya uasi wa 1964 wamebaki wachache. Wanaweza kurekodiwa juma hili, kwa simu hiyohiyo, wakitaja majina.