Mihuri juu ya Mitungi ya Roma

Katika masoko ya Butembo na Beni twaona magunia ya kahawa na kakao yenye kuandikwa jina la mwenyewe. Warumi wa kale walifanya vile kwa mitungi yao ya mafuta.

Mjini Roma kiko kilima kiitwacho Monte Testaccio, chenye urefu wa metre 35 hivi. Si cha mawe, ni cha vigae vya mitungi. Mingi ilitoka Hispania, kila mmoja ukichukua kadiri ya litre 70 za mafuta ya mizeituni. Tangu mwaka 1872 Heinrich Dressel aliyachunguza maandiko yake.

Maandiko hayo ni ya namna mbili. Kwanza muhuri, mara nyingi juu ya mkono wa mtungi, uliotiwa udongo ungali mbichi, mbele ya kuchomwa. Si jina la mfinyanzi siku zote. Pengine ni la mwenye kiwanda. Pili maandiko ya wino: uzito, jina la mchuuzi, pengine na mwaka. Hayo yaliandikwa nyuma, na mengi yamefutika.

Ndugu makatekista, pengine mtu aliyeacha Kanisa arudi akiomba kubatizwa tena. Tumweleze habari ya kigae. Mtungi ulivunjika, ukatupwa jalalani zaidi ya miaka 1700, na muhuri ungali wasomeka. Hausemi kwamba mafuta yalikuwa mazuri. Wasema tu mtungi ulikuwa wa nani. Ndivyo ilivyo alama ya Ubatizo. Basi anayerudi tumpeleke kwenye Kitubio, si kwenye maji ya Ubatizo mara ya pili.