Pikipiki Saba Katika Tufani: Safari ya Maziko Kutoka Mbuya Hadi Tororo

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, pikipiki saba zilipojipanga mstari mmoja kando ya njia katika kilima cha Mbuya, mashariki ya jiji la Kampala. Wakazi wa hapo hawashtushwi na ngurumo za injini alfajiri, kwani Mbuya ni mahali pa askari: ndipo ilipo kambi, na ndipo ilipo hospitali ya jeshi. Lakini asubuhi ile ngurumo nyingine ilisikika kutoka upande wa ziwa, na kila mmoja wetu aligeuza shingo kulitazama wingu jeusi lililolala juu ya Port Bell.

Safari yetu haikuwa ya starehe. Mwenzetu mmoja, koplo mstaafu wa jeshi, alikuwa amefariki dunia nyumbani kwao karibu na Tororo, na maziko yalipangwa kufanyika saa nane mchana siku ile ile. Kutoka Kampala hadi Tororo ni mwendo wa kilomita 210 hivi. Mtu akiondoka alfajiri, na barabara ikiwa kavu, hufika kabla ya adhuhuri na kupata nafasi ya kunawa uso na kuwapa pole wafiwa. Kwa hesabu hiyo tuliona kwamba wakati tulionao unatosha na kusaza.

Kiongozi wetu alikuwa sajini-meja mstaafu, mtu wa miaka sitini na ushei, ambaye hata raia kama mimi humwita Afande. Nyuma yake niliwekwa mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa mzito kuliko wote katika kuendesha, na desturi ya msafara ni kwamba asiyejua sana hukaa mbele, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wa wote. Walifuata askari wawili wa jeshi, kisha fundi mmoja wa Nakawa aliyebeba spana na viraka, kisha mpwa wa marehemu, kijana mwenye haraka ya kumzika mjomba wake. Mkia ulishikwa na sajini mwanamke wa polisi wa usalama barabarani. Mahali hapo pa mkia palikuwa pa marehemu mwenyewe katika safari zetu zote zilizotangulia.

Kabla ya kuwasha injini, Afande alizunguka akipapasa meno ya matairi na kutikisa minyororo. Kisha akatoa amri tatu. Ya kwanza: kila mtu awashe taa, hata kukiwa mchana. Ya pili: kila mmoja ana dhamana ya taa iliyo nyuma yake, asipoiona katika kioo chake, apunguze mwendo, asipoiona tena, asimame. Ya tatu: hakuna atakayempita aliye mbele yake, hata akiwa na sababu nzuri.

MVUA YA KWANZA

Tuliteremka hadi Kinawataka, bonde la kinamasi lililo chini ya kilima, ambalo hupokea maji ya vitongoji vya karibu na kuyapeleka ziwani. Maji yalikuwa yamekwisha kufunika ukingo wa njia. Tukaingia barabara ya Jinja, tukapita Kireka na Bweyogerere, na tulipofika Namanve mvua ikatushukia kama iliyomwagwa kwa ndoo.

Ni vyema msomaji aelewe kwamba mvua inapoanza kunyesha, dakika zake za mwanzo ndizo za hila. Lami iliyokaa kavu hushika mafuta yanayovuja magarini, vumbi, na unga wa mipira ya matairi. Matone ya kwanza huyainua mafuta hayo bila ya kuyaosha, na barabara huwa kama sahani ya samli. Michoro myeupe ya barabarani nayo huteleza kuliko lami yenyewe. Baada ya mvua kubwa kunyesha kwa muda, uso wa barabara huoshwa na utelezi hupungua, lakini hapo huja adui wa pili, nayo ni maji yaliyotuama, ambayo huficha mashimo.

Afande alinyoosha mkono wa kushoto akaushusha polepole, na sisi tukapunguza mwendo. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita meta 17 hivi kwa sekunde moja. Katika ukavu tulikuwa tumeachiana nafasi ya sekunde mbili. Sasa tuliachiana sekunde nne. Vilevile tuliacha mpangilio wa kupishana kushoto na kulia, tukaandamana katika mstari mmoja. Breki zote mbili zilikamatwa kwa ulaini, na hakuna aliyezibana ghafla, kwa maana gurudumu likikwama juu ya maji halimsikii tena mwendeshaji.

Tulipita Mukono, tukapita mashamba ya miwa ya Lugazi, na saa mbili asubuhi tukaingia Mabira.

TAA ILIYOPOTEA

Msitu wa Mabira una eneo la kilomita za mraba 300 hivi, na barabara kuu inaupasua katikati. Siku ya jua ni pahali pa kupendeza. Siku ya tufani ni handaki: miti mirefu huziba mwanga, matawi huanguka, na malori yatokayo mpakani Malaba hukurushia ukuta wa maji usoni, hata kwa muda wa pumzi mbili huoni kitu chochote. Katika ukuta mmoja wa namna hiyo, fundi aliyekuwa wa tano alitazama kioo chake na hakuiona taa.

Alipunguza mwendo. Taa haikutokea. Akasimama, na aliye mbele yake akasimama, na hivyo hivyo mpaka amri ikamfikia Afande pasipo neno kusemwa. Tulizisogeza pikipiki nje ya lami, tukageuka mmoja mmoja kwa uangalifu, tukarudi nyuma.

Tuliwakuta wawili waliobaki kando ya mtaro. Kijana, mpwa wa marehemu, alitaka kuipunguza ile nafasi ya sekunde nne ili asiachwe; akafunga breki ya mbele mahali palipojaa majani maji, na pikipiki ikalala chini yake. Goti lilikuwa limechubuka na mkono wa klachi umekatika. Sajini alikuwa ameiweka pikipiki yake nyuma yao, taa zikimweka, akawa amesimama pembeni akiwapungia malori kwa tochi ili yapite mbali. Laiti asingalikuwapo pale, sijui lori la nne au la tano lingalifanya nini.

Fundi alifunga kipande cha chuma badala ya ule mkono uliokatika, tukakokotana hadi Jinja tukatafute kifaa chenyewe. Tulivuka Nile juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa meta 525 na nyaya nene zilizotundikwa kutoka juu ya nguzo zake. Upepo wa mtoni ulitusukuma ubavuni hata ikatubidi kuinamia upande wake kana kwamba tunaegemea ukuta. Tulipotoka Jinja ilikuwa saa tano na nusu. Wakati uliokuwa unasaza sasa haukusaza tena.

NCHI YA NGURUMO

Iganga tulipita saa sita na robo. Mvua ilikuwa imekatika, na sote tulidhani mabaya yamekwisha. Kumbe tulikuwa tunaingia katika nchi ya ngurumo yenyewe.

Katika miaka kumi, tangu 1967 hadi 1976, Tororo ilihesabiwa kuwa na siku 251 za ngurumo kwa mwaka kwa wastani. Ni sehemu chache mno duniani zilizopata kuandikwa hesabu kama hiyo. Sababu yake haiko mbali. Ziwa Victoria, lenye upana wa kilomita za mraba zipatazo 68,000, hutoa mvuke usiokwisha. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na kujenga mawingu, ndiyo maana Mbuya hupigwa na tufani alfajiri. Mchana upepo wa ziwa huingia bara, hukutana na hewa ya moto na kupanda nayo, na Mlima Elgon, wenye kimo cha meta 4,321, huisukuma juu zaidi. Mtu aendaye kutoka Kampala hadi Tororo kwa siku moja aweza kuzikuta tufani zote mbili, nasi ndivyo ilivyotukuta.

Mbele yetu anga lilipasuka kwa nuru. Afande alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Sauti ya ngurumo huchukua sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Ikiwa kati ya nuru na ngurumo hamkutimia sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na hapo mtu aliye nje yu katika hatari. Alifika ishirini na moja tu.

Mita chache mbele palikuwa na mwembe mkubwa wenye kivuli kikavu, na watu watatu wa bodaboda walikuwa wamekwisha kusimama chini yake. Kijana alipunguza mwendo kuelekea huko. Afande alimkatia njia, akawaita na wale watatu pia, na sote kumi tukakimbilia duka la matofali lililokuwa katika kituo kidogo cha biashara, tukaziacha pikipiki uwanjani. Mwenye duka alitukaribisha. Tulikaa katikati ya chumba, mbali na kuta, mlango na kila chuma.

Sitamdanganya msomaji: ule mwembe haukupigwa. Tuliondoka ukiwa mzima na embe zake mbichi. Na hili ndilo linalowapoteza wengi, kwamba mtu hujificha chini ya mti mara kumi akasalimika, akajifunza kuwa mti ni kinga. Jengo nalo si kinga kamili. Mwezi wa Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Mwezi wa Novemba 2024 iliwaua watu 14 waliokusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Nyumba imara ni bora kuliko kibanda, na gari lililofungwa nalo ni bora kuliko kibanda. Lakini mwendesha pikipiki barabarani, au mtu chini ya mti, hana kinga yoyote.

"TUNGOJE MPAKA LINI?"

Radi ilipita juu yetu ikaenda zake, na mvua ikapungua. Kijana akasimama. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Afande," alisema, "yule ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilipia shule. Tungoje mpaka lini?"

"Dakika thelathini baada ya ngurumo ya mwisho," mzee akajibu. "Kila ikinguruma tunaanza kuhesabu upya."

"Watamzika bila mimi."

"Naam, huenda wakamzika bila wewe."

Hakuna aliyeongeza neno. Afande alitoa simu, akawapigia wafiwa, akawaarifu kwamba tumezuiwa na radi na kwamba wasitungoje. Kisha akakaa karibu na yule kijana, na kwa sauti ya chini akamsimulia jinsi majeshi ya Jenerali Van Deventer yalivyoitwaa Kondoa Irangi mwezi wa Aprili 1916, masika yakiwa yamepamba moto. Mji waliupata, lakini nyuma yao njia iligeuka tope, vyakula havikuwafikia, farasi na watu wakadhoofika, na jeshi lililofika kwa haraka likakwama pale kwa majuma mengi. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sidhani kama hadithi ile ilimfariji. Nadhani alifarijika kwa kuwa mzee yule alikaa naye.

Ngurumo ilisikika tena, kwa mbali, na hesabu ikaanza upya. Tuliondoka saa nane u nusu.

KUFIKA

Tulipita Bugiri, na baadaye jabali la Tororo likatokea mbele, jeusi kwa maji, kilele chake ndani ya wingu. Kila nilipotazama kioo niliiona taa iliyo nyuma yangu, na nilijua kwamba aliye nyuma yangu naye aiona ya kwake.

Tulifika nyumbani kwa wafiwa saa kumi na dakika kumi. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na udongo ulikuwa unang'aa kwa mvua. Baadhi ya waombolezaji walikuwa wameondoka. Waliobaki walikaa chini ya maturubai yaliyojaa maji matumboni. Kijana alishuka akichechemea, akaenda moja kwa moja kaburini, akasimama pale peke yake kwa kitambo. Hakuna aliyemfuata.

Kaka wa marehemu, mzee mwenye fimbo, alitoka nyumbani. Hakutuuliza kwa nini tumechelewa. Alizitazama pikipiki zilizopangwa uani, akazihesabu kwa ncha ya fimbo yake moja baada ya nyingine, kisha akazihesabu tena.

"Saba," akasema. "Basi ingieni ndani mkauke. Na mmwite huyo mtoto, chakula kipo."