Utangulizi: Molekuli Zilizofungamana na Namna Zinavyoitikia Ishara

Pete mbili za mkufu hazikugandishwa kwa gundi, lakini huwezi kuzitenganisha mpaka ukate mojawapo. Molekuli nazo zaweza kushikana hivyo. Molekuli mbili za umbo la pete zikiwa zimepitishwa moja ndani ya nyingine, jozi hiyo huitwa katenani. Pete ikivishwa kwenye molekuli ndefu iliyo mhimili wake, kisha ncha zote mbili za mhimili zikafungwa kwa vikundi vinene vya atomu ili pete isichomoke, tunapata rotaksani. Katika zote mbili hakuna bondi ya kovalenti inayounganisha sehemu moja na nyingine. Kinachozishikilia ni umbo lenyewe, na wanakemia hukiita kifungo hicho bondi ya kimakanika.

Bondi hiyo ina sifa ambayo nyingine hazina: sehemu haziachani, na bado ziko huru kusogea. Pete huweza kuzunguka mhimili au kuteleza juu yake kutoka upande huu hadi ule. Tukiweza kuamua ikae wapi, kwa mwanga, kwa asidi au kwa elektroni, tumepata swichi yenye urefu wa nanomita chache tu. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji aliyesoma kemia ya sekondari aingie katika uwanja huo bila hofu.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwaka 1960 Edel Wasserman, akifanya kazi Bell Laboratories nchini Marekani, alitengeneza katenani kwa kutegemea bahati: alifunga molekuli ndefu ziwe pete ndani ya mchanganyiko uliokwisha kuwa na pete nyingine, akitaraji baadhi zifungwe zikiwa zimepitana. Zilizofanikiwa zilikuwa chache mno. Mwaka 1967 Ian na Shuyen Harrison walipata rotaksani kwa kurudia hatua ileile mara 70, na mavuno yao yalikuwa asilimia 6. Kwa mavuno ya namna hiyo, molekuli hizi zingebaki kuwa vitu vya kustaajabiwa tu.

Mwaka huohuo wa 1967 Charles Pedersen alieleza molekuli za pete zinazokumbatia ioni za metali. Kutokana na kazi yake, ya Donald Cram na ya Jean-Marie Lehn ikazaliwa kemia ya supramolekuli, yaani kemia ya nguvu hafifu zinazozikutanisha molekuli bila kuziunganisha kwa bondi za kovalenti. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Mwanafunzi wa Lehn, Jean-Pierre Sauvage, ndiye aliyeona kwamba nguvu hizo zinaweza kuchukua nafasi ya bahati. Mwaka 1983, mjini Strasbourg, kundi lake lilitumia ioni ya shaba kama kiolezo. Shaba ilishika pete moja pamoja na kipande cha molekuli kilichopita katikati yake, kipande hicho kikafungwa kiwe pete ya pili, kisha shaba ikaondolewa. Mavuno yalipanda hadi asilimia 42, na kuanzia hapo maabara nyingi zikaweza kuingia katika kazi hii.

Upande wa pili wa bahari, Uingereza, Fraser Stoddart alitumia mvuto kati ya sehemu zenye upungufu wa elektroni na zenye elektroni nyingi. Mwaka 1991 kundi lake lilitengeneza rotaksani ambayo pete yake, yenye chaji chanya, iliteleza kati ya vituo viwili vinavyofanana kwenye mhimili. Miaka mitatu baadaye wakafanya vituo hivyo vitofautiane: kimoja cha benzidini, kingine cha bifenoli. Kwa kawaida pete hupendelea benzidini. Ukiongeza asidi, benzidini hupokea protoni na kuwa na chaji chanya, chaji hizo hufukuzana na za pete, na pete huhamia kwenye bifenoli. Ukiongeza besi, inarudi. Kuiondolea benzidini elektroni huleta matokeo yaleyale.

Hapa pana jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote, maana wengi hulikosea. Ishara haiisukumi pete. Katika kipimo cha molekuli hakuna utulivu: joto la kawaida la chumba huzitikisa sehemu zote bila kukoma, na pete ingehama hata bila amri ya yeyote. Kazi ya ishara ni kubadilisha kituo kipi kinapendeza zaidi. Mtikisiko wa joto ndio unaoipeleka pete huko, na nguvu hafifu ndizo zinazoituliza hapo. Anayebuni molekuli ya aina hii hashindani na mtikisiko huo. Anautumia.

Kanuni hiyohiyo huonekana katika katenani ya Sauvage ya mwaka 1994. Shaba yenye chaji moja hupenda kushikwa na atomu nne. Ikipoteza elektroni moja, hupenda tano, na pete huzunguka ili kuipatia. Mwaka 2000 kundi lake lilitengeneza rotaksani mbili zilizoshikana ambazo hurefuka na kufupika shaba inapobadilishwa na zinki. Mwaka 2005 David Leigh na wenzake mjini Edinburgh walitandaza rotaksani zinazoitikia mwanga juu ya uso bapa, wakaumulikia mwanga wa urujuanimno, na tone dogo la kimiminika likapanda mwinamo wa nyuzi 12. Mwaka 2007 Stoddart na James Heath walitumia rotaksani kutengeneza kumbukumbu ya kompyuta ya biti 160,000.

Hata hivyo tusichanganye swichi na mota. Pete inayokwenda na kurudi kwa njia ileile hufuta kazi yake kila inaporudi. Mota lazima izunguke upande mmoja tu, na hilo hudai njia ya kurudi ifungwe kwa wakati wake. Kundi la Leigh lilionyesha mwaka 2003 kwamba katenani inaweza kufanya hivyo. Ben Feringa alikuwa ameshaunda mota inayoendeshwa na mwanga mwaka 1999, ingawa hiyo haina pete zilizofungamana. Sauvage, Stoddart na Feringa waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2016.

Maumbile yalitutangulia katika haya, tena karibu nasi. Kimelea cha malale, kinachoenezwa na mbung'o, kina DNA ya pekee ndani ya mitokondria yake: maelfu ya pete ndogo zilizofungamana kuwa wavu mmoja. Kabla ya kugawanyika, kimelea hutumia vimeng'enya kuzifungua pete, kuzinakili na kuzifunga upya. Homidiamu, dawa inayotumika kutibu ng'ombe wenye nagana (malale ya mifugo), huvuruga DNA hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala, Kigoma au Kisangani anayejifunza jinsi pete zinavyofungamana anajifunza pia kuhusu adui wa mifugo na watu wa kwao.

Unapokutana na molekuli mpya ya aina hii, iulize maswali matatu. Kitu gani kinazuia sehemu zisiachane? Vituo viko wapi, na kwa nini kimoja kinapendelewa? Ishara gani inageuza upendeleo huo, na ishara gani inaurudisha? Chora pete, mhimili na vituo kwa mkono wako mwenyewe, uandike chaji kwenye kila kituo kabla na baada ya ishara. Hesabu za elektroni, asidi na besi ulizofundishwa shuleni zinatosha kukuanzisha. Uwanja huu bado ni mchanga na unahitaji mikono mingi. Karibu uingie.